Mzee, Umenijua?

Katika mji wetu wa Ujiji, kijana aliyekaa ugenini miaka kadhaa akirejea hupita majumbani kuwaamkia wazee. Husema shikamoo, huitikiwa marahaba, kisha bila kuuachia mkono wa mzee huuliza: "Umenijua?" Mzee akisita, waliopo barazani hucheka, na kijana huongeza: "Nitazame vizuri." Ni mzaha wa mapenzi, hatukatai. Lakini ziko nyumba ambamo mzaha huu umegeuka mtihani, na mzee anayeshindwa hutolewa hukumu: amechanganyikiwa, amerogwa, au (na hili ndilo linalotuuma zaidi) ameingiwa na kiburi, hataki watu. Juma hili tumeona tulitazame jambo hili kwa upande wa elimu ya ubongo, kwa kuwa baadhi ya wazee wanaohukumiwa hivyo ni wagonjwa, na ugonjwa wao una jina na una dawa.

Kiswahili kimekwisha kutugawia mambo haya kwa ustadi. Mtu husema "sura yako si ngeni kwangu" anapojua kuwa amewahi kuiona, ila hajui wapi wala lini. Husema "nimekutambua, wewe ni mtoto wa fulani wa Kasingirima" pale sura inapomjia pamoja na mahali na ukoo. Akikosea, husema "nimekufananisha". Wataalamu wa kumbukumbu nao hutenganisha utambuzi wa kuhisi tu na utambuzi wenye maelezo kamili. Tena vyote viwili huvitenga na kukumbuka pasipo msaada, yaani kulitoa jina kichwani bila kuonyeshwa wala kudokezwa chochote. (Wageni wanaokuja Ujiji kuona mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871 huenda wakadhani yule Stanley alimtambua mwenzake. Hakuwa amepata kuonana naye. Alikisia tu, na kukisia si kutambua.)

Sasa tuje kwenye dopamini. Hii ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari. Zamani ilidhaniwa kuwa ni malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden alipoonyesha kuwa ina kazi yake yenyewe; akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Seli zinazoitoa ni chache ukilinganisha na ubongo wote, nazo ziko chini katikati ya ubongo, lakini nyuzi zake husambaa mbali. Baadhi hufika hipokampasi, sehemu ambayo bila yake matukio ya maisha hayahifadhiki. Tukikutana na jambo jipya, dopamini huongezeka, na ni kana kwamba ubongo umeambiwa: hili liwekwe.

Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Edinburgh, walieleza jaribio la panya waliofundishwa mahali palipofichwa chakula. Waliotiwa katika kisanduku chenye sakafu ngeni nusu saa baadaye walipakumbuka mahali pale kesho yake. Wasiopata jambo jipya walisahau. Ugeni ule ulikuwa umefungulia dopamini katika hipokampasi.

Kwa binadamu, jaribio linalotugusa ni la London, lililochapishwa mwaka 2012. Wazee wa miaka 65 hadi 75 walipewa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kisha wakaonyeshwa picha za mandhari. Baadaye walionyeshwa zile picha zikiwa zimechanganywa na mpya, wakaulizwa zipi wamekwisha kuziona. Baada ya saa 2 dawa haikuleta tofauti. Baada ya saa 6 ikaleta, lakini kwa wale tu ambao kipimo chao kilikuwa cha wastani kwa uzito wa miili yao. Kidogo mno hakikufaa, kingi mno hakikufaa. Tunalitaja hili makusudi, kwani wapo watakaosikia kuwa mbegu za upupu zina levodopa (nazo kweli zinayo) wakaanza kumpondea babu yao. Wasifanye hivyo. Kipimo ni kazi ya daktari.

Dopamini hupungua kidogo kidogo kwa kila anayezeeka. Katika maradhi ya Parkinson, seli zinazoitoa hufa kwa wingi. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, sauti hushuka, na misuli ya uso hukakamaa hata mtu akaonekana amenuna ilhali moyoni anafurahi kukuona. Wasomaji wetu wanamkumbuka bingwa Muhammad Ali, aliyegundulika na maradhi haya mwaka 1984 akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Tusidhani ni ugonjwa wa ughaibuni. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita katika jamii ya watu zaidi ya 160,000; matokeo yao ya mwaka 2008 yalitaja wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajapata kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kigoma, tunaamini, wapo pia, wamefichwa vyumba vya uani.

Kumbukumbu ya wagonjwa hawa ina tabia yake. Mara nyingi kinachowashinda ni kule kukumbuka pasipo msaada. Wakidokezwa, au wakipewa majina mawili wachague, wengi hutambua vizuri kuliko tulivyodhani. Waliozoea kusali Tarawehe wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Imamu aliyehifadhi akikwama katikati ya sura, maamuma nyuma yake humtamkia neno moja au mawili ya aya inayofuata. Hamfundishi aya, imamu anayo. Anampa ncha ya uzi, naye huitambua papo hapo akaendelea. Mgonjwa wa Parkinson anayeulizwa "mimi nani?" ni imamu aliyekwama, nasi nyuma yake tumekaa kimya tukicheka.

Si wote walio hivyo. Ugonjwa ukikomaa, utambuzi nao huweza kuharibika. Na yapo maradhi mengine ya usahaulifu, kama Alzheimer, ambayo dokezo husaidia kwa uchache. Mzee ambaye hata akitajiwa jina la mwanawe hashtuki apelekwe hospitali, na anayetetemeka apelekwe vilevile. Aliyekwisha kuandikiwa levodopa asiikatize ghafla, kwani kuna hatari. Ramadhani inapokaribia, familia izungumze mapema na daktari, kisha na sheikh, kuhusu ruhusa ya mgonjwa.

Kamati ya msikiti imewaomba vijana wanaozungukia wazee baada ya Ijumaa, kuanzia Rusimbi hadi Kibirizi, wabadili maamkizi. Baada ya shikamoo, ajitaje: jina lake, la baba yake, mtaa wao, na jambo moja ambalo mzee alilishuhudia, kama vile darasa alilomsomesha au mtumbwi waliovulia dagaa pamoja. Kisha anyamaze asubiri, hata dakika nzima, wala asiutazame uso wa mzee kutafuta tabasamu. Autazame mkono: mara nyingi jibu huja kwa kuubana wake.