Sikio lisilokula betri

PEMBEZONI MWA BANDARI
Na Salum Khamis Makame

Vifaa vya kusakia vinasa sauti vinauzwa mtandaoni kwa bei ya chee, na naona wenye nyumba za wageni hapa Malindi, Unguja, wameanza kuvitamani. Fedha zenu zikae mfukoni. Vingi vinatafuta mawimbi ya redio tu. Kinasa kilichonyamaza havikioni.

Na vipo vinavyonyamaza kwelikweli. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa ukutani nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na kazi ya Leon Theremin: kikopo cha chuma chenye utando mwembamba, na kijiti cha antena. Hakina betri, hakina waya. Warusi walipokimulika kwa mawimbi kutoka nje, sauti za chumbani zilitikisa utando na mawimbi yakarudi na maneno. Wakizima, kinabaki chuma kitupu. Kiligunduliwa 1952.

Msidhani kusikilizwa kwa siri ni mambo ya Moscow tu. Januari 1965, Tanzania ilimfukuza mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Unguja, Frank Carlucci, pamoja na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam. Simu yao ilisikilizwa. Kwa maelezo ya Wamarekani, walikuwa wakitafuta namna ya kuishawishi Washington ilete salamu za mwaka wa kwanza wa Mapinduzi, wakataja “risasi” wakimaanisha hoja. Aliyesikiliza akaripoti njama. Waya ulifanya kazi barabara. Mtu ndiye aliyeshindwa.

Hata katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, yaliyojengwa na China, gazeti la Le Monde liliandika mwaka 2018 kwamba vinasa sauti vilikutwa kwenye meza na kuta. China ilikanusha.

Kwa hiyo anayetaka kusaka aanze na macho na mikono. Saa ya ukutani iliyoletwa na nani? Soketi hii mbona haifanani na nyingine? Plasta mbichi inatafuta nini kwenye ukuta wa mawe na chokaa? Fundi aliingia lini, na nani alikuwa naye?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, makazi yake na mawasiliano yake. Kamisheni ya Utalii, mnapokagua vyumba vya wageni, kagueni na vinasa sauti.