Kuangika Daluga na Kuvaa Koti Jeupe: Ni Hasara ya Nani?

Kuna neno moja linalonikera kila zinapotajwa habari za mchezaji aliyeacha uwanja angali kijana ili akasomee udaktari. Neno hilo ni “amepotea”. Utawasikia mashabiki wakisema kwamba kipaji kimepotea, miguu imepotea, fedha zimepotea. Mimi nauliza: amepotelea wapi? Mtu aliyetoka uwanjani akaingia wodini hakupotea hata kidogo. Amehama tu, kutoka mahali tunapomshangilia kwenda mahali tutakapomhitaji.

Swali hili lina uzito wake katika kaunti za Kitui na Makueni. Kitui peke yake ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ina wakazi 1,136,187. Makueni ilikuwa na wakazi 987,653. Katika nchi pana namna hiyo, yenye ukame na njia ndefu, mama mwenye uchungu wa kujifungua hajali ni nani aliyeshika nafasi ya kwanza katika mbio za jana. Yeye ataka kujua kama katika hospitali anayopelekwa kuna mtu wa kumpokea.

Tena, wazo la kuacha mchezo kabla nguvu hazijaisha si geni kwa Wakamba. Zamani kijana wa kiume alikuwa katika daraja la anake. Hao ndio waliokuwa na ngoma, ule mchezo wa kuruka na kupinduka uliowapatia Wakamba sifa mbali na kwao. Akisha kuoa na kupata watoto, aliingia daraja la nthele, na polepole akajitenga na uwanja wa ngoma. Baadaye alipanda akawa miongoni mwa atumia, yaani wazee, na kupanda huko kulikuwa na ada yake ya mbuzi. Hakuna aliyemlilia nthele kwamba miguu yake imepotea. Watu walijua kwamba ngoma ni ya umri fulani, na kwamba kuna kazi nyingine iliyomngojea mbele.

Nasema basi kwamba kustaafu mapema ni kuvuka daraja. Na kila kuvuka kunahitaji mambo mawili: anayevuka awe amejitayarisha, na ng’ambo ya pili pawe na watu wa kumpokea. Tukikosa moja la haya mawili, kweli kutakuwa na hasara.

Tutazame kwanza ufupi wa mchezo wenyewe. Kitui ilimzaa Benson Masya mwaka 1970. Alianza na ndondi kabla ya kuingia mbioni, na Septemba 1992 huko Newcastle, Uingereza, akashinda mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya nusu marathoni. Alishinda Great North Run mara 4, na marathoni ya Honolulu mara 3. Septemba 2003 alifariki, akiwa na umri wa miaka 33 tu. Simtaji marehemu ili nimhukumu, kwani heshima aliyotuletea haifutiki. Namtaja kwa sababu ya hesabu ya miaka. Kufikia umri huo, mkimbiaji huwa ameshaanza kusikia magoti yakimnong’oneza, hali daktari wa rika lake ndiyo kwanza anaanza kubobea katika kazi yake. Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka.

Hapo zamani uamuzi huu ulikuwa mwepesi kidogo. Roger Bannister wa Uingereza alipokuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, tarehe 6 Mei 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Kabla mwaka haujaisha aliacha mbio, akiwa na umri wa miaka 25, akaenda kuwa bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Lakini riadha ya siku hizo ilikuwa ya ridhaa, na kwa kuiacha hakupoteza mshahara.

Hapa kwetu tulikuwa na Dkt. J.J. Masiga, mshambuliaji wa AFC Leopards na Harambee Stars katika miaka ya 1980, aliyepata pia kucheza raga katika timu ya Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo alikuwa daktari wa meno. Mashabiki waliomwona akiwasumbua walinzi walijua kwamba mtu yule yule hung’oa magego. Kandanda ya wakati ule haikumtajirisha mtu, na mchezaji mwenye busara alijua kwamba chakula cha watoto kitatoka kazini. Masomo yake hayakuwa kinyume cha mchezo. Yalikuwa ndiyo akiba yake.

Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu marathoni ya Boston ilipoanza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986, barabara imekuwa shamba. Cosmas Ndeti wa Machakos aliishinda Boston mara 3 mfululizo, 1993 hadi 1995, na kila kijana wa Ukambani aliyekuwa na viatu akajua kwamba mbio zinaweza kujenga nyumba ya mawe. Kumwambia kijana wa leo aache mchezo ni kumwambia aache fedha. Hata hivyo wako walioziacha. Laurent Duvernay-Tardif wa Kanada alitwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani na timu ya Kansas City mnamo Februari 2020, hali ameshahitimu udaktari. Janga la korona lilipoingia, aliacha msimu mzima, akaenda kuhudumu katika nyumba ya kutunzia wagonjwa karibu na Montreal. Mwaka 2023 alistaafu mchezo kabisa ili aendelee na mafunzo ya udaktari.

Msomaji ataniuliza: kwa nini asisubiri mpaka nguvu ziishe? Jibu limo katika hesabu. Shahada ya udaktari katika vyuo vyetu huchukua miaka 6, na baada yake kuna mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Anayeanza akiwa na miaka 22 atakuwa daktari kamili akikaribia 30. Anayesubiri mpaka 35 atamaliza akiwa na miaka 42, tena katikati ana mke au mume, ada za watoto, na wazee wanaomtazamia. Haliwi jambo lisilowezekana, lakini ni wachache wenye kifua hicho. Ndiyo maana naliona neno “mapema” kuwa neno la busara.

Wako wanaodai kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali ni ya kweli, lakini si kila mara. Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982, alikuwa daktari aliyehitimu. Sally Kipyego wetu alipata shahada ya uuguzi katika chuo kikuu cha Texas Tech nchini Marekani huku akiwashinda wakimbiaji wa vyuo vyote vya huko, na mwaka 2012 akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 10,000. Miguu yake ndiyo iliyomfikisha darasani. Huo ndio mfano ningependa vijana wetu wauchungue: mchezo ulipe karo, wala usile kitabu.

Sasa nije kwenye ng’ambo ya pili ya mto, kwani hapo ndipo penye uchungu wangu. Tunamhimiza kijana avuke, lakini tumemwekea nini huko? Mwezi Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma, na mgomo ule ukadumu siku 56. Moja ya sababu kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi, vijana waliomaliza miaka yao 6 kisha wakakaa nyumbani wakingoja kupelekwa hospitalini. Mkataba wa mwaka 2017 uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Fikiria basi kijana aliyeacha zawadi za barabarani kwa ajili ya kazi hii. Akikaa kwa baba yake mwaka mzima na cheti mkononi, wenzake wa uwanjani watamcheka, na mdogo wake anayecheza vizuri kuliko yeye atajifunza somo ambalo sisi hatukukusudia kumfundisha.

Kwa hiyo siwezi kuwalaumu vijana peke yao. Kitui na Makueni zimewahi kuonyesha kwamba zina uwezo wa kufikiri juu ya afya. Makueni ilianzisha mwaka 2016 mpango wake wa matibabu ambao kila nyumba ilichangia shilingi 500 kwa mwaka, na nchi nzima ikaja kutazama. Kitui nayo ikafuata mwaka 2018 na mpango wake. Vyuo vya mafunzo ya matibabu viko Kitui, Mwingi, Makindu na Makueni, na kijana asiyefikia alama za udaktari aweza kutoka huko akiwa tabibu au muuguzi, kazi ambazo zahanati za vijijini zinazihitaji sana.

Linalokosekana ni kamba ya kuunganisha uwanja na darasa. Makocha wadai ripoti ya shule kabla ya kumpanga mtoto katika timu. Kaunti zitenge sehemu ya basari kwa wachezaji wanaosomea utabibu, kwa sharti kwamba warudi kuwahudumia watu wa kwao, na kaunti yenyewe ifunge ahadi ya kuwaajiri. Wazazi nao wafufue moyo wa mwethya, ule wa kusaidiana kulima na kujenga, kwa ajili ya karo ya miaka 6, maana shamba hilo mtu mmoja hawezi kulilima peke yake.

Wazee wetu hawakumwacha nthele asimame kati ya uwanja wa ngoma na baraza la wazee, hajui pa kukaa. Walimwonyesha nafasi yake. Nasi, tukimwona mchezaji hodari akiangika daluga akiwa na miaka 22 ili akasomee kuponya watu, tumpigie makofi yale yale tuliyompigia alipofunga bao. Kisha Jumatatu asubuhi twende katika ofisi za kaunti kuuliza kama nafasi yake ya kazi imewekwa katika bajeti.