Kompyuta Ikigoma Kupeleka Ujumbe, Usikimbilie Kufuta Programu

Kuna hasira ambayo huwashika watu wa nyumba nzima kwa pamoja. Kompyuta iko mezani sebuleni, jamaa wamevuta viti, na shangazi aliyeko London anangoja kupigiwa simu ya video kabla hajaingia zamu ya usiku. Mnafungua WhatsApp na badala ya uso wake mnaona kijiduara kikizunguka tu, hakina mwisho. Baba anasema ni mtandao. Kijana anasema kompyuta imezeeka. Mama anasema heri mngempigia kwa simu ya kawaida. Na kabla dakika 5 hazijaisha, yule anayejiita mtaalamu wa nyumba ameshaanza kufuta programu ili aiweke upya.

Hapo ndipo hasara huanzia. Kufuta ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Fundi wa redio anayeijua kazi yake hakimbilii bisibisi. Kwanza hutazama kama waya umechomekwa ukutani. Vivyo hivyo, programu ya ujumbe ikikwama, kazi yako ya kwanza ni kujua ni wapi palipokatika: ni kwenye mtandao wa nyumba, ni kwa kampuni yenye programu, ni kwenye kompyuta, au ni kati ya kompyuta na simu yako? Ukienda hatua kwa hatua, mara nyingi utakuta ni jambo dogo lisilohitaji fundi wala senti.

Programu iliyokwisha kufa

Tuanze na swali ambalo wengi hulisahau: je, hiyo programu yenyewe ingali hai? Programu za kutumiana ujumbe papo hapo zilianza kuenea majumbani baada ya ICQ kutoka mwaka 1996. Ikafuata AIM mwaka 1997, Yahoo Messenger mwaka 1998 na MSN Messenger mwaka 1999. Waliokuwa wakilipia dakika katika saiba za mijini miaka ya 2000 watakumbuka vizuri mlio wa Yahoo rafiki anapoingia.

Zote zimezikwa. MSN ilifungwa sehemu kubwa ya dunia mwaka 2013, AIM ikafungwa Desemba 2017, Yahoo Messenger Julai 2018 na ICQ Juni 2024. Skype, iliyowakutanisha Wakenya wengi na jamaa zao wa ng'ambo, ilifungwa Mei 2025. Lakini picha yake ndogo inaweza kubaki kwenye skrini ya kompyuta ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiibofya ikakataa, usimwite fundi. Maiti haitibiwi. Tafuta programu nyingine ambayo shangazi naye anaitumia.

Mtandao wa nyumba

Kama programu ingali hai, jiulize: ni intaneti nzima iliyokwama au ni programu hii peke yake? Fungua tovuti ya gazeti lolote. Tazama kama habari unazoziona ni za leo, kwa maana kompyuta inaweza kukuonyesha ukurasa iliouhifadhi jana nawe ukadhani mtandao upo. Ikiwa kila unachofungua kinakurudisha kwenye ukurasa wa kampuni inayokuuzia intaneti, basi huenda data au malipo ya mwezi yamekwisha. Hapo kompyuta haina kosa.

Ikiwa hakuna kinachofunguka, nenda kwenye ruta. Izime, hesabu hadi 30, iwashe, kisha uwe na subira dakika 2 au 3 taa zake zitulie. Kwa wale wenye waya wa faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake ni kuwa mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Angalia kama waya umechomoka au umekunjwa na kochi. Kama sivyo, ipigie simu kampuni husika, maana hilo halirekebishwi ukiwa sebuleni.

Kuna kipimo kingine kizuri. Zima Wi-Fi kwenye simu yako, kisha tumia data ya simu hiyo kuipa kompyuta intaneti. WhatsApp ikifunguka, ujue kompyuta ni nzima na ugonjwa uko kwenye ruta. Isipofunguka, na tovuti nyingine zinafunguka, endelea kusoma.

Shida isiyo yako

Mnamo Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi. Chanzo kilikuwa kosa lililofanywa wakati wa kurekebisha mitambo inayounganisha vituo vya kampuni hiyo. Siku hiyo watu walizima na kuwasha simu hadi vidole vikachoka, wengine wakafuta programu wasiweze hata kuingia tena. Aliyekuwa na akili ni yule aliyemuuliza jirani, "Kwako inafanya kazi?"

Hapa nchini pia, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, watumiaji wa Telegram walikwama wakati watahiniwa wa KCSE walipokuwa wakifanya mtihani. Mwaka 2024 ilijulikana wazi kwamba serikali iliagiza kampuni za simu ziufunge mtandao huo ili kukomesha uuzaji wa mitihani. Aliyefuta Telegram yake wakati huo alijisumbua bure.

Na walio na ndugu Dubai wasikilize hili. Kwa miaka mingi Umoja wa Milki za Kiarabu umekuwa ukizuia simu za sauti na za video za WhatsApp, ingawa ujumbe wa maandishi na picha hupita. Kwa hivyo ikiwa maandishi yanafika lakini simu haiiti, usiilaumu kompyuta ya nyumbani wala usimshuku ndugu yako kwamba anakukwepa.

Stima na saa

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa kompyuta zenyewe, hasa zile kubwa za mezani ambazo stima imepotea zikiwashwa mara nyingi. Tazama saa iliyo pembeni mwa skrini, chini upande wa kulia. Inasema ni mwaka gani?

Usicheke. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, ambayo huendesha saa wakati stima haipo. Katika kompyuta nyingi za mezani huwa ni aina ya CR2032, ya volti 3. Ikizeeka, kila mara stima ikipotea kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Na hapo ndipo kioja hutokea. Tovuti na programu zinazolinda siri hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta hulinganisha cheti hicho na saa yake. Ikiwa saa inasema ni mwaka 2012, cheti cha leo kwake ni mtoto ambaye hajazaliwa, naye hakipokei. Utaona maonyo kwamba muunganisho si salama, au WhatsApp itazunguka tu bila kufunguka, ilhali ruta inawaka vizuri na simu zote za nyumbani zinafanya kazi.

Dawa ni nyepesi. Bofya saa hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia mahali pa kurekebisha tarehe, chagua saa za Nairobi, kisha uiruhusu kompyuta ijipangie tarehe yenyewe. Ikirudia baada ya stima kupotea, nunua betri mpya. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, lakini chomoa waya wa stima kwanza. Kama ni kompyuta ya kubeba, mwachie fundi.

Simu na kompyuta

Watu wengi hawajui kwamba WhatsApp ya kwenye kompyuta haina maisha yake. Ni tawi la ile iliyo kwenye simu. Unaweza kuunganisha vifaa 4 na simu moja. Usipoifungua WhatsApp kwenye simu kwa siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa. Mwanafunzi ambaye simu yake ilibaki kabatini nyumbani muhula mzima asishangae kompyuta ikimfungia mlango.

Ikiwa ujumbe unafika kwenye simu lakini kompyuta imekwama, fungua mipangilio ya WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ibofye kompyuta hiyo na uitoe. Kisha uiunganishe upya kwa kupiga picha ule mraba wenye madoadoa unaotokea kwenye skrini. Mazungumzo yako hayapotei, kwa kuwa yako kwenye simu. Iache kompyuta wazi kwa muda ili iyavute.

Kama unatumia kivinjari kama Chrome au Firefox, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa. Na kama kompyuta yako ingali ya Windows 7, ujue kwamba Chrome iliacha kuihudumia mapema mwaka 2023. Windows 10 nayo iliacha kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kompyuta hizo hazikufa siku hiyo, lakini kadiri muda unavyopita ndivyo programu zitakavyozidi kuzikataa.

Na ikiwa simu imepokelewa lakini hamwonani wala hamsikizani, tazama mambo madogo. Je, kile kifuniko cha plastiki cha kamera kimefunguliwa? Je, kuna visikizio vilivyochomekwa na kusahauliwa nyuma ya meza? Je, mtoto aliacha darasa lake la Zoom au Google Meet likiwa wazi, likiwa limeishikilia kamera? Bofya pia ile alama iliyo mwanzoni mwa anwani ya tovuti, uone kama umeiruhusu itumie kamera na maikrofoni.

Msaidizi asiyetakikana

Nimelibakiza jambo zito zaidi. Mtu aliyekwama huwa na haraka, na mwenye haraka hudanganyika upesi. Utapigiwa simu au kuandikiwa na mtu anayejifanya mhudumu, pengine hata kwa jina la rafiki yako ambaye naye amekwisha kuibiwa, akikuambia umtumie tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako ili akutengenezee WhatsApp. Usimpe! Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa namba yako. Akizipata, ataingia kwa jina lako, akufungie nje, kisha aanze kuwaomba jamaa zako pesa kwa M-Pesa: mtoto amelazwa, tuma chochote. Nao watatuma, kwa sababu wanakupenda.

Hata anwani usiichukulie kijuujuu. Andika web.whatsapp.com kwa mkono wako badala ya kubofya tangazo la kwanza unaloliona, kwa maana kuna kurasa bandia zenye mraba wa madoadoa unaofanana na ule wa kweli. Ukiupiga picha huo wa bandia, umeunganisha simu yako na kompyuta ya mwizi. Nanyi wanafunzi mnaotumia kompyuta za saiba au za maktaba ya chuo, kufunga dirisha si kutoka. Toka kabisa, kisha hakikisha kwenye simu kwamba kifaa hicho hakimo tena katika orodha.

Kabla ya kufuta

Ikibidi kufuta, jua unafuta nini. Ukiiondoa WhatsApp kwenye kompyuta, mazungumzo yangali kwenye simu. Ukiifuta kwenye simu kabla ya kuweka nakala katika Google Drive au iCloud, huenda umeaga picha za harusi, sauti ya marehemu nyanya na risiti zote za karo mlizotumiana. Kampuni haikuwekei ujumbe uliokwisha kukufikia. Usiofika ndio huhifadhiwa kwa siku 30 tu. Telegram ni tofauti, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida hubaki kwenye mitambo yake. Signal nayo huyaweka kwenye vifaa vyako mwenyewe, kwa hivyo ukiifuta bila nakala, umefuta.

Basi mpenzi msomaji, fanya mambo mawili leo hii, wakati hakuna kilichoharibika. Kwanza, ingia katika mipangilio ya akaunti yako ya WhatsApp uweke namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mwizi akipata zile tarakimu 6 akwame mlangoni. Wawekee wazazi wako pia, maana wao ndio wanaowindwa zaidi. Pili, weka nakala ya mazungumzo yako. Kazi zote mbili hazizidi muda wa kuchemsha chai.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.