Presha tunapima, mapigo je?

Mie si daktari, nimeishia kidato cha nne, lakini hili limenikaa rohoni.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Nikikuta watu wanaijadili, wengi wanaongelea operesheni kubwa: nani atalipiwa, nani atapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Sawa, tunazihitaji. Ila kuna ugonjwa wa moyo ambao kuushtukia unahitaji vidole viwili na saa tu.

Wataalamu wanauita atriali fibrilesheni. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu kwa pamoja, mapigo yanakwenda shaghalabaghala. Damu inatuama mle ndani, inaganda, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Utafiti wa Framingham kule Marekani ulionyesha mwaka 1991 kwamba hatari ya kiharusi inapanda karibu mara tano.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatuambia "moyo unanidundadunda". Kila mwezi alikwenda zahanati, anapimwa presha, namba zinaandikwa kwenye daftari, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemshika mkono kusikiliza mapigo. Siku alipopata kiharusi ndo akapimwa ECG hospitali kubwa. Majibu yalitoka hapohapo, na daktari akasema inaonekana ni tatizo la siku nyingi.

Ugonjwa huu ukishakaa muda mrefu, mara nyingi kazi inakuwa kuishi nao: dawa ya kutuliza kasi ya moyo, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Bibi anatumia wafarini. Vidonge vyenyewe si ghali, ila lazima apime damu mara kwa mara, kipimo cha INR, kikae kati ya 2 na 3. Kikishuka, kinga inapungua. Kikipanda, anaweza kuvuja damu. Majirani wakamwambia aache mchicha na kisamvu. Daktari akasema hapana, ale, ila kiasi kisibadilikebadilike.

Sasa shida iko hapa. INR tunaifuata mbali, na nauli ya watu wawili inazidi bei ya vidonge. Kuna mwezi hatukuwa na nauli, Bibi akameza dawa kwa kubahatisha. Tulilala roho juu.

Mtu atasema zipo dawa mpya zisizohitaji INR, kama rivaroksabani. Kweli, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Lakini utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulikuta kwamba kwa wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya rumatiki, waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksabani. Na homa hiyo inaanzia utotoni, inaharibu valvu za moyo za vijana wa rika letu. Kwa hiyo hao INR hawaikwepi.

Vipo vimashine vinavyopima INR kwa tone la damu ya kidoleni. Mbunge wako akija kuhutubia kuhusu bima, muulize: hospitali ya wilaya yetu inapima INR? Na zahanati inashika mapigo?

Leo ukifika nyumbani, mshike mzee wako mkono chini ya dole gumba, hesabu dakika nzima. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, mpeleke akapimwe ECG. Yanaweza kuja na kupotea, kwa hiyo ECG moja ikiwa safi na bado anadundwa, rudini. Na msimnunulie dawa kienyeji. Aspirini haichukui nafasi ya wafarini.

Wadau wa afya, nikikosea nisahihisheni. Wengine semeni, kwenu INR mnaipima wapi?

Nawasilisha.