Haidrojeni Iko Wapi?

Mwanafunzi wa kemia wa Loitokitok huandika fomula ya magadi mtihanini bila kusita: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Anapata alama zake. Lakini fomula hiyo imemwaminisha kwamba ndani ya donge lile la kuivishia maharagwe, lililochimbwa Ziwa Magadi katika kaunti yake mwenyewe ya Kajiado, mna chumvi mbili, kabonati huku na haidrojenikabonati kule.

Hazimo. Mwaka 1956 wanasayansi Bacon na Curry waliipiga fuwele ya magadi kwa nyutroni, ambazo huiona haidrojeni vizuri kuliko eksirei. Haidrojeni ya ile haidrojenikabonati ilionekana imekaa kati ya kabonati mbili zilizosogeleana mno, oksijeni kwa oksijeni chini ya robo ya nanomita, na zote mbili zina haki sawa juu yake. Huwezi kunyoosha kidole useme hii ndiyo yenye haidrojeni na ile haina.

Kwamba fomula huficha muundo, hiyo ndiyo hoja ya toleo hili, na ndiyo sababu kurasa zake nyingi tumezipa sianidi ya shaba. (Ni sumu kali, isomeni, msiitengeneze.) CuCN, herufi nne tu, mtu angedhani ni molekuli ndogo ya atomu tatu. Ukiingia ndani unakuta mnyororo usio na kikomo: shaba, kaboni, nitrojeni, kisha shaba tena. Tena kila sianidi yaweza kugeuza kaboni upande wowote, bila utaratibu. Zikiongezwa amini, minyororo hushikana ikawa tabaka au wavu, na wanakemia wawili wenye viambato vilevile huweza kutoka na fuwele tofauti kabisa.

Kajiado haina uhaba wa mifano. Jiwe jeupe la Amboseli lililochongwa viko, sepiolaiti, huelea likikauka kwa kuwa lina vitundu vingi, na hata fuwele zake zina mifereji ya kupitisha maji. Magadiaiti, madini aliyoyatangaza mwanajiokemia Hans Eugster mwaka 1967 kutoka Ziwa Magadi, ilificha muundo wake hadi 2021, ulipofumbuliwa kwa miale ya elektroni, mbali na hapa.

Watunga mitihani wanaweza kuanza na magadi. Wasiulize fomula, waulize haidrojeni iko wapi. Miundo ya madini mengi inapatikana bure katika Crystallography Open Database, na simu ya mwalimu inatosha kuifungua.