Gari la Nyumbani: Mlio wa Asubuhi katika Pikapu Kuukuu

Mama mmoja wa mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, anauliza habari za pikapu ya nyumbani kwake. Ni Toyota Hilux ya petroli, ya miaka ya themanini, ambayo mumewe, askari polisi aliye kituo cha mbali, ameiacha ichukue mizigo ya wenye maduka. Kila asubuhi, injini ikiwashwa ingali baridi, hutoa mlio mkavu kama wa misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Baada ya dakika chache mlio hupungua. Fundi wa kwanza amesema fimbo ya pistoni imekwisha, na injini yote hapana budi ifunguliwe. Wa pili amesema ni valvu tu, gari liendelee na kazi. Fedha za kufungua injini ndizo karo za watoto. Amsikilize nani?

Ndugu msomaji, mafundi hao wawili hawawezi kuwa wakweli wote, lakini yawezekana wote wakawa wamekosea. Mlio wa injini una tabia zake, na tabia hizo huchunguzwa kabla ya spana kuguswa.

Tuanze na fimbo ya pistoni, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Ikichakaa beringi yake, mgoto wake huwa mzito, kama nyundo juu ya gogo. Huzidi injini ikipata moto, kwani oili huwa nyepesi, na huzidi tena gari likiwa na mzigo. Mlio wa mama huyu hufanya kinyume. Fundi akitaka yakini, na azime silinda moja moja kwa kutenga waya wa plagi: iwapo fimbo ni mbovu, mgoto hupungua silinda yake inapozimwa. Kazi hiyo si ya mtoto wala ya mpita njia, maana umeme wa plagi hupiga vibaya.

Valvu nazo zina mwendo wao. Shafti inayozisukuma huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili, kwa hiyo valvu iliyolegea hugonga kwa nusu ya mwendo wa injini, na sikio lililozoea hutambua. Katika injini ya 22R, ambayo ndiyo iliyomo katika Hilux nyingi za petroli za miaka hiyo, nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.20 kwa zile za kuingiza na 0.30 kwa zile za kutoa moshi. Kupima hakugharimu sana, na kwafaa kufanywa.

Kuna na mlio wa kupanda mlima, ambao madereva wa barabara ya kwenda Bugarama huujua. Kutoka ukingoni mwa ziwa hadi zaidi ya meta 2000 juu ya bahari, injini iliyolemewa hulia kama changarawe, hasa ikinyweshwa petroli ya madumu isiyojulikana asili yake. Huo si wetu leo, maana pikapu hii hulia ikiwa imesimama uani.

Basi mlio watoka wapi? Chukua bisibisi ndefu, ncha yake uiweke juu ya chuma cha injini, mpini uusogeze sikioni. Kitenge kifungwe vizuri na mikono ikae mbali na feni. Ukisikia mlio umejaa mbele ya injini, upande wa kushoto, nyuma ya pampu ya maji, shaka yangu yote huelekea kwenye mnyororo wa taimingi.

Hapa hapana budi kueleza. Injini za 22R za mwanzo zilikuwa na mnyororo wa safu mbili. Tangu mwaka 1983 Toyota ilitia mnyororo wa safu moja, ukipita kati ya viongozi vya plastiki. Mnyororo hurefuka kwa kazi, aghalabu baada ya kilomita 130,000 hadi 225,000, hata kikaza mnyororo, ambacho husukumwa na oili, kisiweze tena kuuvuta. Asubuhi oili haijafika, mnyororo hupiga plastiki, plastiki huvunjika, kisha mnyororo hupiga kifuniko cha chuma. Ukiachwa hukikwaruza hata kukitoboa mahali maji ya rejeta yanapopita. Maji yakishuka ndani ya oili, beringi huharibika, na ndipo maneno ya fundi wa kwanza yatakuwa kweli. Mnyororo ukiruka jino, valvu na pistoni hukutana.

Kwa hiyo shauri la fundi wa pili, la kuendelea na kazi, ndilo la hatari zaidi. Gari na lisimame. Kijiti cha oili kivutwe: oili yenye rangi ya maziwa ni dalili ya maji. Feni belti itolewe na injini iwashwe kwa muda usiozidi dakika moja, ili kuona kama mlio ni wa alternata au pampu ya maji. Usipobadilika, kifuniko cha valvu kifunguliwe na mnyororo utazamwe kwa kurunzi. Kiongozi kilichovunjika huonekana, au vipande vyake hupatikana ndani ya sampu.

Vikipatikana, vinunuliwe pamoja mnyororo, gia zake, kikaza, viongozi na gasketi. Viongozi vya chuma vipo na hudumu kuliko vya plastiki. Sampu ishushwe ioshwe, maana vipande vya plastiki huziba chujio la pampu ya oili. Na mama amwambie fundi tangu asubuhi, kwa adabu, kwamba vyuma vyote vya zamani na kifuniko cha mbele ataviona kwa macho yake kabla injini haijafungwa.