Kabla hujatoa pesa ya mpunga kununua runinga kubwa

KILA msimu wa mavuno unapomalizika, wataalamu wenzangu wa kilimo huanza wimbo ule ule: mkulima akipata pesa anakimbilia runinga badala ya mbolea. Nimekaa vikao vingi ambako jambo hili linasemwa kwa kejeli, huku wasemaji wenyewe wakiwa na runinga sebuleni na nyingine chumbani. Mimi ni mchumi kilimo, na sioni kosa kwa mkulima aliyekwishatenga pesa ya pembejeo na ada za watoto kununua runinga ili jioni aangalie sinema na familia yake. Ninachokipinga ni kutoa pesa nyingi na kupata picha mbovu.

Baba yangu mdogo analima mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali. Mwaka juzi aliuza magunia 11 akanunua runinga ya inchi 55, katika duka moja mjini ambalo sitalitaja. Dukani, anasema, ilikuwa inawaka kama jua na rangi zinameremeta, unaona hadi tone la umande kwenye jani. Alipofika nyumbani akaunganisha deki yake ya DVD na king'amuzi, picha ikawa na ukungu, nyuso za watu nyekundu kama zimepakwa rangi, na kwenye sinema yoyote yenye tukio la usiku haoni nani anampiga nani. Akaamini ameuziwa feki. Nilipomtembelea alikuwa ameshapata mteja, kinyozi mmoja pale senta, aliyekuwa tayari kuichukua kwa bei ya magunia sita. Magunia matano yalikuwa yanakwenda na maji.

"Mwanangu, wewe umesoma, hebu iangalie kabla sijaitoa," akaniambia.

Runinga haikuwa feki. Tatizo la kwanza lilikuwa nyuma yake: king'amuzi na deki vyote vilikuwa vimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Ule waya wa njano ni wa enzi za TV za chogo na hauwezi kupitisha picha ya HD hata ukiombewa. King'amuzi chake kilikuwa na tundu la HDMI ambalo halijawahi kuguswa. Tulinunua waya wa HDMI hapo hapo senta kwa pesa ambayo haifiki hata bei ya debe la mpunga, na nusu ya ukungu ikaondoka.

Nusu nyingine ni suala la hesabu, na hapa naomba msomaji uvumilie kidogo. Picha ya runinga ni nukta zilizopangwa kama mashimo ya mahindi shambani, kwa mistari. DVD ya huku kwetu ina nukta 720 kwa 576. Runinga iliyoandikwa HD tupu, hasa zile za inchi 32, mara nyingi ina nukta 1366 kwa 768. HD kamili ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Ukizidisha utaona kuwa 4K ina nukta mara 20 ya zile za DVD. Maana yake baba mdogo alipoweka DVD kwenye runinga yake ya 4K, kati ya kila nukta 20 deki ilileta moja, na zile 19 runinga ikazijaza yenyewe kwa kukisia. Ni sawa na kupanda mbegu chotara kwenye udongo uliochoka halafu ukailaumu mbegu.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "hii inchi ngapi?" Jiulize kwanza utaangalia nini. Kama chakula cha runinga yako kitakuwa DVD na chaneli za kawaida, inchi 32 au 43 itakupa picha inayopendeza, na pesa inayobaki inunue mfuko wa mbolea. Kama una filamu za HD kwenye flashi, au king'amuzi cha HD, au intaneti isiyokatika, hapo kubwa ina maana. Watu wanaopenda sinema nyumbani hupenda picha ichukue kama nyuzi 30 za upana wa macho, na kipimo hicho kinatoa umbali wa kukaa wa mita 1.3 kwa inchi 32, mita 1.8 kwa inchi 43, na mita 2.3 kwa inchi 55. Hiyo ni kwa picha ya HD kamili. Kwa DVD rudi nyuma mara mbili yake. Pima sebule yako kwa kamba kabla ya kupanda basi, kwani dukani kila runinga huonekana ndogo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kioo chenyewe. Runinga nyingi za LED zina kioo cha aina mbili, IPS au VA. Cha VA kina weusi mzito zaidi, kinafaa sana kwa sinema za usiku, lakini ukikaa pembeni rangi zinafifia. Cha IPS hakina weusi huo ila kinaonekana vizuri hata kutoka pembeni. Ukiwa dukani sogea ubavuni, karibu na ukuta, uangalie kama nyuso zinapauka. Familia ya watu wawili ichukue ya weusi. Nyumba ambayo majirani huja na mikeka yao ichukue ile nyingine. Za OLED zinashinda zote kwa weusi, lakini kwa bei zake sitawashawishi watu wa msimu mmoja wa mvua.

Sasa tuje kwenye rimoti, ambako ndiko kazi kubwa ilipofanyika na haikugharimu hata senti. Runinga za dukani huwekwa kwenye hali ya maonyesho, mwanga na rangi vimepandishwa hadi mwisho ili zishindane chini ya taa kali. Ya baba mdogo ilikuja nyumbani hivyo hivyo, bado iko "Dynamic". Tulifungua sehemu ya picha tukachagua "Movie". Nyingine huandika "Cinema". Papo hapo wote waliokuwepo wakalalamika kuwa picha imekuwa ya njano na imefifia. Niliwaomba wavumilie siku tatu. Macho yalikuwa yamezoea weupe wenye ubuluu, wakati watengenezaji wa filamu hupima weupe wao kwa joto la rangi la Kelvini 6500, ambalo kwenye runinga nyingi hupatikana karibu na neno "Warm".

Baada ya hapo tukaweka filamu yenye tukio la usiku, mtu mwenye koti jeusi. "Brightness" kwenye runinga nyingi haiongezi mwanga wa taa, bali inapandisha na kushusha weusi. Tuliipandisha hadi mikunjo ya koti ikaonekana, tukaishia pale kabla weusi haujageuka majivu. "Contrast" tukaipimia kwenye harusi: tuliishusha hadi maua ya kitambaa kwenye shela ya bibi harusi yakarudi. "Sharpness" karibu kila mtu huipandisha akidhani inaongeza HD. Kinachoongezeka ni michirizi myeupe kandokando ya maandishi na nyuso, hivyo ishushe hadi michirizi ipotee. Mwisho ni "Backlight", taa ya nyuma ya kioo. Hiyo ndiyo inayokula umeme. Usiku huhitaji hata nusu yake, na anayetumia sola ataona tofauti kwenye betri. Runinga ya wati 50 ikiwaka saa tano kwa siku hutumia uniti 7.5 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti unayolipa.

Kuna kitu kimoja ambacho hata mimi kilinisumbua miaka mingi bila kujua jina lake. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini runinga nyingi mpya hubuni picha za ziada katikati ili mwendo uwe laini. Matokeo yake sinema ya pesa nyingi huonekana kama taarifa ya habari. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video kuwaomba watu wazime kitu hicho, na mwaka 2019 ikatangazwa hali ya picha iitwayo "Filmmaker Mode" inayokizima yenyewe. Kama runinga yako haina hali hiyo, tafuta neno lenye "Motion" ulizime.

Wafanyabiashara wadogo mnaouza vifaa hivi, nina ombi. Andikeni idadi ya nukta kwenye kibao cha bei, kwa sababu neno HD peke yake limewapoteza wengi, nikiwemo mimi, niliyenunua ya nukta 768 nikiamini ni kamili. Toeni runinga kwenye hali ya maonyesho mteja anapoijaribu, na mruhusuni aweke flashi yake mwenyewe. Mteja anayerudi na malalamiko anakula muda wenu, na mteja asiyerudi kabisa anasimulia kijiji kizima.

Kinyozi alikuja jioni ile na pesa yake mkononi. Alikuta watu wamejaa sebuleni, taa ya juu imezimwa, akakaa kwenye ndoo hadi filamu ikaisha, kisha akamuuliza baba mdogo kama bei inaweza kupanda. Hakuuza. Nasikia siku za mpira kijana wake huirudisha "Dynamic", na kwa majani ya uwanja sina ugomvi naye, ilimradi filamu ikianza airudishe.